"Kumwogesha mzee wa watu ndiyo kazi gani?"

Shikamoo mama.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Rungwe. Kwa sasa naishi Uyole na mama yangu pamoja na mwanangu wa kiume ambaye ana miaka sita. Naomba unisaidie mawazo maana kichwa kimechoka, na pale nyumbani kila mtu ana la kwake.

Tangu nikiwa shule ya msingi nilitaka kuwa nesi. Kidato cha nne hakikuniendea vizuri. Kiswahili nilipata C, Baiolojia, Historia na Uraia nikapata D, ila Kemia na Fizikia zote F. Nilipoulizia vyuo vya uuguzi nikaambiwa bila Kemia, Baiolojia na Fizikia hata fomu nisichukue. Baadaye nikapata ujauzito, baba wa mtoto akaenda kutafuta maisha Tunduma na hakurudi. Nikaungana na mama kuuza ndizi na viazi hapa Uyole.

Bibi mzaa mama alipopata kiharusi kule Tukuyu, ukoo ulikaa kikao. Wengine walikuwa na kazi, wengine na waume, mimi sikuwa na kimojawapo, basi nikatumwa mimi. Mama, nilienda kwa kulazimishwa lakini kadiri siku zilivyopita niliona moyo wangu umetulia. Nesi wa zahanati alinionyesha jinsi ya kumgeuza bibi kwa kitenge kilichokunjwa na kutandikwa chini ya mgongo, unavuta kitenge badala ya kumvuta yeye. Akanifundisha kumvalisha kuanzia mkono uliopooza, na kumkalisha wima kabla ya uji ili asipaliwe. Nilikaa naye karibu miaka miwili. Alipofariki mwaka jana hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni, na yule nesi alilisema hilo mbele ya watu pale msibani. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani mwangu.

Sasa kuna familia inaishi Forest, hapa hapa Mbeya mjini. Ni Wanyakyusa kama sisi. Baba yao amepata kiharusi, ana kisukari pia, na amewekewa mpira wa mkojo. Kijana wake mkubwa anafanya kazi Dodoma, na pale nyumbani yupo mke wa huyo kijana na watoto. Walisikia habari zangu kwa watu wa Tukuyu. Wanataka nihamie pale, wanilipe laki moja na nusu kwa mwezi, chakula na malazi juu yao, na Jumapili moja kila mwezi niende nyumbani. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Wakati huohuo nimeona chuo kimoja hapa mjini kinatangaza kozi ya miezi sita ya kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani. Ada ni laki nane na nusu, sare mbali. Nina akiba ya kikoba na fungu langu la parachichi za bibi, zinatosha ada lakini nitabaki mweupe. Mtu wa chuo aliniambia wahitimu wao wanapelekwa Uarabuni kwa mishahara mikubwa. Yule kijana wa Dodoma anasema, "Usome nini wakati kazi unaijua?"

Kaka yangu amekasirika. Anasema huo ni uhausigeli uliovalishwa koti jeupe, bora nirisiti Kemia na Fizikia na atanilipia, lakini senti yake haitaingia kwenye hiyo kozi. Mama analia. Anasema, "Kumwogesha mzee wa watu ndiyo kazi gani?" Kwetu mwanamke hamsogelei mzee wa rika la baba mkwe, sembuse kumvua nguo, na anaogopa wachumba wakisikia sitaolewa. Binamu yetu aliyeko Marekani anafanya kazi hiyohiyo na amejenga nyumba nzuri Tukuyu, lakini nikimtaja mama anasema Marekani ni Marekani.

Mama, hii ni kazi kweli au najidanganya? Na nianze na kipi?

Binti wa Rungwe, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa bibi. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia.

Kama nimekuelewa, una njia tatu mbele yako, na kila moja ina mtu amesimama mlangoni. Kaka yupo kwenye kurisiti, familia ya Forest ipo kwenye ajira ya haraka, na chuo kipo kwenye kozi. Mama amesimama nyuma yako akikushika nguo. Umeniuliza kama hii ni kazi. Ni kazi, mwanangu, na ni kazi nzito. Lakini sidhani kama hapo ndipo penye fundo lako.

Naomba tuanze na jambo ambalo hukuniuliza. Moyo wako ulitulia kwa sababu ya kazi ile, au kwa sababu ya bibi? Bibi alikujua tangu unanyonyeshwa. Mlizungumza Kinyakyusa, alikuita majina yenu ya ndani, na hata siku alizokasirika ulijua hasira ile inatoka wapi. Mzee wa Forest hakujui. Kiharusi humbadilisha mtu: mwingine hulia ovyo, mwingine hutukana, mwingine anaelewa kila neno lakini ulimi haumtii, na huo uchungu humshukia aliye karibu. Alikuwa baba mwenye sauti nyumbani kwake, leo analishwa kijiko na binti asiyemjua. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na asikushukuru hata siku moja. Sisemi hutaweza. Nasema hilo hulijui bado, na ni vema ulijue kabla ya kutoa akiba yako yote au kuhamisha nguo zako. Ungeweza kuwaomba wale watu siku chache za kwenda asubuhi na kurudi jioni, wakulipe kutwa, mwonane macho kwa macho wewe na mzee. Ungeweza pia kumwomba yule nesi akuruhusu uende naye anapotembelea wagonjwa wengine, watu usiowapenda wala kuwachukia, uone moyo unasemaje.

Sasa mama yako. Tafadhali usimchukulie kama mtu wa zamani anayekuzibia njia. Anachokisema kina mizizi. Kwa Wanyakyusa mkwe wa kike humpisha baba mkwe hata njiani, hamtazami usoni, wala hatamki jina lake. Ni heshima iliyolinda nyumba nyingi, na mama amelelewa humo. Lakini itazame vizuri hali ya Forest. Pale nyumbani kuna mwanamke mzima, mke wa kijana wao. Kwa nini hamwogeshi mzee? Nadhani ni kwa sababu ya mila hiyohiyo anayoitaja mama. Mila ndiyo iliyomzuia mkwe, na mila ndiyo iliyowafanya wakutafute wewe ambaye si mkwe wao. Mama akiliona hilo huenda machozi yakapungua, ingawa sikuahidi.

Kuna mtu mwingine ambaye aibu hii inamhusu, na katika barua yako yote sijaona mahali ameulizwa: mzee mwenyewe. Yeye anataka kuhudumiwa na binti? Kama haongei, anaweza kuitikia kwa kichwa au kwa mkono mzima. Wapo wazee ambao wangependa kijana wa kiume awasaidie kuoga, na mengine yote wakakubali kwa mwanamke. Pengine kuna mjukuu mkubwa, au kijana wa jirani anayeweza kulipwa kuja asubuhi tu. Na hata ikiwa ni wewe, kuna namna ya kuogesha bila kumvunjia mtu heshima: shuka inabaki juu ya mwili, unafunua mkono unauosha na kuukausha, unaufunika, ndipo unahamia mguu. Sehemu za siri unampa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mkononi, mkono ule ulio mzima, ajisafishe mwenyewe kadiri awezavyo, wewe umegeuka. Mwelezee mama jambo hilo jinsi linavyofanyika. Huenda picha aliyonayo kichwani ni tofauti kabisa na kazi yenyewe. Kuhusu wachumba, mwanangu, atakayekukimbia kwa sababu ulimhudumia mgonjwa, sijui kama ungependa akuuguze wewe siku ukiugua. Ila najua kusubiri mchumba kuna uchungu wake, na mama anakuonea huruma kwa hilo pia.

Nije kwenye lile neno la kijana wa Dodoma, "usome nini wakati kazi unaijua." Hapa ndipo nina wasiwasi zaidi kuliko mahali pengine pote. Unajua kumhudumia mgonjwa wa kiharusi, na unajua vizuri. Lakini bibi hakuwa na kisukari wala mpira wa mkojo, au angalau hukuvitaja. Mfuko wa mkojo unatakiwa ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, hata unapomgeuza, na usiguse sakafu. Mkojo ukibadilika rangi na kuwa na ukungu, au mzee akipata homa, hilo ni la kupeleka hospitali mapema. Sukari ikishuka mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na kwa mzee aliyekwisha pata kiharusi ni rahisi kabisa ukadhani ni kiharusi kingine au kwamba amelala fofofo. Akiwa macho na anameza vizuri, maji ya sukari humsaidia. Akiwa hajitambui humtilii kitu mdomoni hata tone, maana atapaliwa; unakimbia naye hospitali. Miguu ya mwenye kisukari nayo inakaguliwa kila siku, katikati ya vidole na chini ya kisigino, kwa sababu kidonda anaweza kuwa nacho asikisikie.

Na kuna sindano. Kama mzee anachoma insulini, siku moja watakwambia, "Si umchome tu, wewe si unajua?" Mhudumu wa nyumbani humkumbusha mgonjwa dawa zake, humpa alizopangiwa, huandika kwenye daftari kwamba amezipata. Kupandisha dozi, kushusha, au kuchoma sindano ambayo hujafundishwa na kukabidhiwa na mtaalamu, hapana. Sasa jiulize: sukari ikishuka saa nane usiku, kijana yuko Dodoma, mkwe yuko chumba cha pili anaogopa kuingia, utampigia nani? Nani atakuwa ameandikwa kwenye karatasi ukutani? Kama jibu halipo, hata ungekuwa na vyeti vitatu, utakuwa peke yako. Kwa bibi ulikuwa na nesi wa zahanati nyuma yako, na naamini sehemu kubwa ya ile sifa ya msibani ilitokana na hilo: ulifundishwa, ukaangaliwa, ukarekebishwa.

Kwa hiyo mafunzo yana maana. Swali ni mafunzo gani. Kabla hujalipa ile laki nane na nusu, angalia kama chuo kimesajiliwa. NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, wana orodha ya vyuo kwenye tovuti yao. Uliza kozi yenyewe inatambuliwa kwa ngazi gani, kwa maana chuo kinaweza kusajiliwa na kozi isiwe. Serikalini, kazi ya mhudumu wa afya hutangazwa kwa mtu wa kidato cha nne aliyepata mafunzo ya afya ya mwaka mmoja kwenye chuo kinachotambulika. Cheti cha miezi sita kikishindwa kukuingiza huko, bado kinaweza kukufaa kwa kazi za majumbani, lakini ulipe ukijua. Kisha uliza jambo moja ambalo vyuo vingi havipendi kuulizwa: katika miezi hiyo sita, ni saa ngapi nitakuwa na mgonjwa wa kweli, wodini au nyumbani, na nani atanisimamia? Huko kwa binamu yako Marekani, sheria ya shirikisho inataka mhudumu wa nyumbani anayefanya kazi kwenye wakala unaolipwa na bima ya wazee ya serikali apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na katika hizo saa 16 ziwe za vitendo chini ya uangalizi. Saa 75 si nyingi, ni kama wiki mbili za kazi. Lakini bila zile 16 hazihesabiki. Chuo cha miezi sita kisicho na wodi ya kukupeleka kimekuuzia daftari. Watafute waliohitimu mwaka jana, wawili watatu, uwaulize wako wapi leo.

Kujikinga na damu ya mgonjwa nako wakufundishe vizuri. Sisi wa nyanda hizi tunajua uuguzi wa nyumbani kuliko mikoa mingi, kwa sababu tuliuguza ndugu zetu kabla dawa za VVU hazijafika, na bado utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Hakuna cha kuogopa kwa kumgusa mtu, kumlisha au kumgeuza. Lakini glavu ziwe zinanunuliwa na familia, si kwa mshahara wako, na ujue kwamba ukijichoma na sindano iliyotumika unakimbilia kituo cha afya siku hiyohiyo, maana dawa kinga hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72.

Tuzungumze kuhusu ile laki moja na nusu. Sikatai kwamba ni fedha, ukilinganisha na ndoo za viazi kwenye baridi ya Uyole mwezi wa saba. Ila hesabu vizuri unauza nini. Mzee asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili, usiku na mchana. Ukifanya hivyo peke yako, utalala lini? Mwili wa binadamu hauna jibu la hilo, na mtu asiyelala ndiye anayesahau dawa na ndiye anayevunjika kiuno akimwinua mgonjwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka mapumziko ya saa 24 kila wiki, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Jumapili moja kwa mwezi haifiki hapo hata kwa mbali. Sheria hiyo inamhusu pia anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu. Unastahili masharti yaliyoandikwa, likizo, na michango ya NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara na sehemu yako haitakiwi kuzidi nusu. Kuna chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, CHODAWU, wao wanaweza kukusomea mkataba kabla hujasaini.

Usiyachukue haya ukaenda kugombana nao. Naona watu waliochanganyikiwa, wana mgonjwa, hawajui waanzie wapi. Huenda hawajawahi kufikiri habari za usiku. Unaweza kuwaambia: nitakuja mchana, na usiku mtafute mtu mwingine au mgawane zamu nyumbani. Au: nitakuja, lakini mnilipie nusu ya ada na mnipe muda wa kusoma. Wanaweza kukataa, na hapo utakuwa umejua jambo muhimu juu yao kabla ya kulala chini ya paa lao. Hofu ya kweli ni kwamba watampata mwingine na nafasi itapita. Inawezekana. Lakini kiharusi na kisukari havitaisha Mbeya mwezi huu, na jina lako limekwisha toka Tukuyu mpaka Forest bila wewe kutangaza.

Kaka yako nisimpite. Maneno yake yameuma, na najua kwa nini. Hata hivyo ndugu anayesema "nitakulipia Kemia na Fizikia" si ndugu wa kukatiwa simu. Kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea kunawezekana, mtihani ni Novemba, na ukifaulu mlango wa uuguzi uliokuumiza ukiwa binti mdogo unafunguka. Ugumu wake ni kwamba umekaa nje ya darasa miaka mingi, na masomo hayo yana vitendo, unahitaji kituo chenye maabara na mwalimu, si vitabu vya kukopa tu. Kinachonifanya nikuulize ni hiki: bado unataka kuwa nesi, au ulitaka ulipokuwa hujaona kazi nyingine? Ukiwa bado unataka, sioni kwamba kaka na kozi wanapigana. Mtu anaweza kuhudumia mgonjwa mchana na kusoma Kemia jioni, polepole, somo moja mwaka huu na jingine mwaka ujao. Na kama hutaki tena, mwambie kaka kwa upole, asiendelee kukuwekea fedha kwenye ndoto iliyokwisha badilika.

Habari ya Uarabuni naiogopa kidogo, nikuambie ukweli. Wapo wanaokwenda na kurudi salama. Lakini mtu wa chuo anayekuahidi ajira nje kabla hujakaa darasani anauza safari. Kazi ya nje ipitie TaESA, huduma ya ajira ya serikali, au wakala mwenye leseni, na mkataba uusome ungali hapa, kwa lugha unayoielewa. Binamu wa Marekani mpigie simu siku akiwa na nafasi, umwulize mambo ya kazi yenyewe: mgongo unamuumaje, wagonjwa wangapi wamemfia, anafanya zamu ngapi kwa wiki. Nyumba ya Tukuyu mmeiona wote, hayo mengine nadhani hakuna aliyemwuliza. Na cheti cha Mbeya hakitamrukisha mtu mafunzo ya kule. Kila jimbo lina utaratibu wake.

Mwanao ana miaka sita. Umemtaja mstari mmoja tu, mwanzoni. Ukihamia Forest atakaa na mama, sawa, lakini mama ndiye analia sasa hivi, na ndiye atakayemwamsha mtoto aende shule na kisha akimbilie sokoni. Kabla hujawapa jibu watu wa Forest, nadhani mama ndiye wa kuketi naye kwanza, jioni moja asipochoka, usimweleze kwamba umeamua bali umwombe msaada wa kufikiri. Na kama watu wale wako tayari kupokea wageni, nenda naye siku ya kumwona mzee. Yule nesi wa zahanati akikubali kufuatana nanyi, itakuwa vizuri zaidi, ana macho ya kuona mnachoweza kukipita.

Uniandikie mlivyoongea. Nitapenda kujua mzee alijibu nini alipoulizwa.